Thelathini na Nne ya Mama Kate

Mama Kate ameshika vichwa vya watu miaka ishirini na saba. Jina lake la kanisani ni Teresiah, saluni yake iko Donholm, na mimi Koki nimesuka kando yake miaka tisa. Namjua vizuri. Ukimwambia jambo haliwezekani, basi umempa kazi ya kufanya Jumamosi.

Hata uvuvi aliuanza hivyo. Nerima, mteja wetu anayeuza samaki sokoni Muthurwa, alimchokoza siku moja akiwa katikati ya kusukwa: "Nyinyi watu wa Murang'a, huko milimani, samaki mnamwogopa hata akiwa kwa sahani." Mama Kate alimaliza kichwa, kisha akauliza samaki aliye hai anapatikana wapi karibu. Nerima akamtajia kwari ya zamani nyuma ya Njiru, iliyojaa maji tangu wachimba mawe waondoke, ambamo mtu fulani alitia bass, wale samaki wa kijani wenye mdomo mkubwa. Hiyo ni miaka sita iliyopita. Mpaka leo hajaonja samaki hata mmoja. Anawanasa, anawatazama, anawarudisha majini, halafu Jumatatu anaingia kazini akiwa na subira hata ya kusuka mtoto anayelia.

"Kule hakuna mtu wa kuniambia namvuta nywele," aliniambia.

Mwaka huu kikundi cha wavuvi kikaikodi ile kwari. Kikazungusha seng'enge, kikachagua mwenyekiti, kikanunua kitabu, kikatunga sheria. Anayetaka kuingia sharti aje siku ya majaribio na shahidi wake, anase bass wa sentimita thelathini na tano kabla ya saa sita mchana. Akishindwa, geti limefungwa kwake mpaka majaribio ya Desemba. Mama Kate alivua pale kabla mlingoti wa kwanza wa hiyo seng'enge haujasimikwa, na sasa alitakiwa kubisha hodi. Nilikasirika mpaka nikaunguza chapati. Yeye alisema tu nijiandae, mimi ndiye shahidi.

Tulifika saa moja asubuhi, Jumamosi ya mwezi wa tisa. Mwenyekiti, mzee Wahome, alikuwa amevaa kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia. Kando yake alisimama Mutisya, mwanachama, mkono mmoja kwenye chupa ya chai.

"Karibu, Mama. Tuonyeshe chambo," mzee Wahome alisema.

Mama Kate alifungua mkebe wa siagi. Ndani zilikuwamo ndoana nane, kila moja imevikwa kishungi cha nywele za kusukia, rangi namba thelathini na tatu, ile ya kahawia yenye wekundu kwa mbali. Hizo ni nywele zinazobaki wateja wakishasukwa. Amevua nazo miaka yote sita.

Mutisya alichungulia. "Huyu samaki anapelekwa harusi ama?" Akatoa chambo chake cha plastiki kinachong'aa. "Chukua hii, Mama Kate. Imetoka ng'ambo."

"Kaa nayo. Utaihitaji."

Akatupa mshipi. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Samaki walikuwepo, niliwaona kwa macho yangu. Mmoja alifuata ile ndoana mpaka karibu na miguu yetu, akaikagua kama mteja anayejitazama kwenye kioo na kukuta sivyo alivyoomba, akageuka akaenda zake. Mutisya alikuwa anakunywa chai na kutuangalia. Nilitamani aanguke majini.

Ilipofika saa nne na nusu, Mama Kate aliivuta ndoana kwenye maji ya kina kifupi, akainama kuitazama. Nywele zilikuwa zimeshikana na kukakamaa, hazichezi hata kidogo.

"Koki," aliita bila kuinua kichwa. "Hizi jana tulizifanyia nini?"

Hapo nikakumbuka. Ijumaa jioni tulikuwa tumetengeneza ndoana mpya kwa ajili ya siku kubwa, na mikono yetu ikafanya kile inachofanya kila siku baada ya kichwa cha mwisho. Tulizichovya ncha kwenye maji moto, zisifumuke. Mteja hufurahi nywele zikitulia hivyo. Bass anataka kitu kinachochezacheza kana kwamba kinapumua. Zile za zamani tulizifunga tu na kuzikata. Na aliyechemsha maji ya birika nilikuwa mimi.

"Nimekuharibia siku," nilisema, na machozi yalikuwa karibu.

Yeye alicheka mpaka Mutisya akageuka. Akatoa mkasi kwenye mkoba, akakata zile ncha zilizokakamaa, akazichana nywele na kitana cha mkia, taratibu, kama vile kesho yake ni siku ya kipaimara. Alipoishusha ndoana majini, nywele zilifunguka, zikapanuka na kujikunja zenyewe. Akatupa.

Ilimchukua zaidi ya saa nzima ya kutupa na kuvuta. Kisha fimbo ya kuvulia ikapinda, samaki akaruka juu ya maji akitikisa kichwa, na Mama Kate akarudi nyuma hatua mbili, meno yameuma mdomo wa chini. Alipomtoa, nilipiga kigelegele peke yangu.

Mzee Wahome alimlaza kwenye ubao wa kupimia, mdomo umefungwa na kugusa ukingo, kama sheria inavyosema. Sote tukainama. Mkia uliishia thelathini na nne.

Saa ilikuwa sita kasoro dakika tisa.

Mzee Wahome alishusha sauti. "Mama, tusisumbuane. Tukimsogeza kidogo, anafika. Niandike thelathini na tano."

"Sema asante tukanywe chai," Mutisya akaongeza.

Na mimi, sitaficha, nilimfinya mkono akubali. Niliwaza Jumamosi zote mpaka Desemba, na huyu mwanamke amesimama saluni akisikia wateja: unanivuta, unanivuta.

"Ni thelathini na nne," alisema.

"Najua. Lakini wewe ni mama, na umetoka mbali..."

"Nimetoka Donholm."

Akamchukua samaki kwa mikono miwili, akamshikilia majini mpaka alipopata nguvu, akamwachia. Kisha akatupa tena mshipi, na tena. Dakika tisa zile hakuna kilichogusa. Saa sita ilipofika, mzee Wahome alifunga kitabu.

"Niandike," Mama Kate alisema.

"Nikuandike nini, na hujafikisha?"

"Teresiah, thelathini na nne. Si nimepimwa?"

Mzee alisita, kisha akakifungua. Mama Kate alisogea karibu, na mimi nikachungulia juu ya bega lake. Hamse, thelathini na tano. Irungu, thelathini na tano. Mutisya, thelathini na tano. Majina kumi na moja, na la mwenyekiti juu kabisa, wote thelathini na tano. Hakuna thelathini na sita. Hakuna arobaini. Mama Kate alishuka na kidole jina kwa jina, bila haraka, na Mutisya akapata jambo la kutazama ndani ya kikombe chake.

"Samaki wa hapa wamelelewa vizuri," Mama Kate alisema. "Wote kimo kimoja."

Mzee Wahome aliandika. Kalamu ilisimama kwenye ile nne, halafu ikaimaliza.

Mama Kate alikusanya ndoana zake, akabana mkebe, akanikabidhi fimbo. Kwenye geti aligeuka.

"Desemba nitakuja na ubao wangu," alisema. "Na tutaanza na wewe, mwenyekiti."