Pua ya Mkuu wa Shule

Watu wa mtaa wetu wamesema mengi kuhusu pua ya wifi yangu. Wamesema amepata bwana mdogo. Wamesema urembo umempanda kichwani akiwa na miaka arobaini na sita. Mimi ni mjane wa kaka yake mkubwa, na katika familia hii ndimi niliyebaki wa kujibu. Sijazoea kutoa mambo ya ndani nje, lakini jina letu likishachezewa kwa uongo, afadhali lisimame kwenye ukweli.

Wifi ni mpiga picha. Studio yake ni chumba kimoja kati ya duka la vioo na fundi viatu: pazia la bluu, kiti cha kuzunguka, taa mbili, na kompyuta ambayo ameketi mbele yake miaka ishirini akirekebisha nyuso za watu. Anafuta chunusi, anang'arisha macho, na zaidi ya yote anapunguza pua.

"Dada, nipunguzie hapa kidogo," bibi harusi mmoja alimwambia nikiwepo. "Pua yangu inafika kwenye picha kabla yangu."

"Nikipunguza sana mumeo atakukana."

"Akane tu, mradi mama yake anikubali!"

Tulicheka. Yule binti alipoondoka, wifi aliniambia kwamba wanaotaka kupendeza ni wachache. Mmoja anakimbia jina la utani alilopewa shuleni. Mwingine kaambiwa neno moja na mume, akalibeba miaka kumi. Na wengi wana mtu fulani wasiyetaka kumwona wanapojitazama.

"Wanadhani sijui," alisema. "Mimi nikishika kipanya tu, najua namfuta nani."

Yeye mwenyewe alikuwa na pua ya baba yake: ndefu, yenye kifundo katikati na ncha iliyoinama, kama inasoma kitu. Baba mkwe alikuwa mkuu wa shule; hata mkewe alimwita Mwalimu. Nusu ya mtaa huu ilijua kusoma kwa sababu yake, na siku ya mazishi yake barabara ilifungwa. Picha yake kubwa ilikuwa sebuleni, juu ya kabati la vitabu, tai imenyooka.

Mama mkwe alipoanza kupoteza kumbukumbu, alisahau kwanza tarehe, kisha majirani, kisha kwamba mumewe alifariki miaka kumi na mitatu iliyopita. Wifi alihamia kwetu kumhudumia. Siku moja, mchana mweupe, wifi akimlisha supu, mama aliinua macho akaacha kutafuna.

"Nimeshafagia," alisema kwa sauti ya msichana. "Nimefagia kote, Mwalimu. Usikague."

"Mama, ni mimi. Binti yako."

"Ndiyo, Mwalimu."

Tangu hapo hakula tena kutoka mkono ule. Mimi alinipokea, hata jirani alimpokea. Lakini binti yake akiingia, mama alijikokota kutoka kitini, akasimama ukutani mikono ikiwa nyuma. Na mimi ninafanya kazi. Kutwa nzima wa kumlisha alikuwa wifi peke yake. Mama akaanza kukonda.

Mume wangu aliwahi kuniambia, mara moja tu, kwamba komeo la chumba cha mama yao lilikuwa upande wa nje. Baba mkwe alipofariki, nilimwita seremala akabadilisha mlango ule kabla ya waombolezaji kufika. Kuhusu hilo sina zaidi ya kuandika.

Wifi aliamini kilichomtisha mama ni picha ya sebuleni, iliyomkumbusha kila saa. Akataka tuitoe. Nikakataa, wageni wangeuliza. Basi akafanya kosa ambalo mpiga picha pekee angelifanya. Aliipeleka studio, akamfanyia baba yake anachowafanyia wateja: akashusha kifundo, akainua ncha, akalegeza midomo. Akaichapisha kwa ukubwa uleule na kuirudisha kwenye fremu ileile. Kazi safi. Ukutani sasa alikaa mzee mpole ambaye angeweza kuwa mjomba wa yeyote.

Mama aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akageuka taratibu, akachungulia nyuma ya pazia, chini ya meza, nyuma ya mlango.

"Ametoka," alininong'oneza.

"Nani, Mama?"

"Mwalimu. Wameweka mtu mwingine pale ili nisijue. Sasa yumo humu ndani."

Nyuma yetu wifi alipiga chafya. Sitaandika kilichompata mama alipoisikia.

Tulirudisha picha ya zamani saa ileile. Mama aliitupia jicho mara moja tu, akasema, "Fremu tupu." Wifi alipojaribu kuvaa barakoa, mama alitetemeka zaidi. "Mbona unajificha, Mwalimu?"

Wiki iliyofuata wifi aliniambia amekwenda kumwona daktari wa upasuaji.

"Wifi, watu watasema nini?"

"Watasema nimetafuta bwana."

"Na utawajibu nini?"

"Kwamba kuna mmoja nimemfukuza."

Nilimsindikiza. Daktari alimwambia kwamba wengi humletea picha ya mtu wanayetaka kufanana naye, naye je, ameleta ya nani? Wifi akaweka mezani picha ya baba yake. "Yeyote," alisema, "ila asiwe huyu." Daktari alimtazama yeye, akaitazama picha, kisha akachukua kalamu ya bluu na kumchora usoni bila kuuliza tena.

Wiki nne alijificha studio, uso umevimba, plasta juu ya pua, na mimi nikaomba likizo nimlishe mama. Kisha mchana mmoja alibisha hodi kwenye nyumba anayoishi mwenyewe. Akaketi mbele ya mama, akachota supu, akangoja. Mama alimchunguza paji la uso mpaka kidevu.

Mama akafungua mdomo.

Alimaliza bakuli zima. Mimi nilikuwa nimeshaelekea jikoni, kwa kuwa machozi yalikuwa yananishinda, nilipomsikia akisema, "Una mkono mwepesi, dada. Umetumwa na hospitali?"

"Mama, ni mimi."

"Mimi nani?"

Wifi akataja jina lake la utotoni. Mama akatikisa kichwa kwa huruma.

"Huyo ni binti yangu. Alikuwa anakuja kila siku, ila Mwalimu alikuwa anaingia naye. Wametoka pamoja, sijui wameelekea wapi." Akamshika mkono. "Ukimwona huko nje, mwambie aje. Lakini aje peke yake."

Siku hizi mama anakula mara tatu na mashavu yamerudi. Anamsimulia yule dada mambo ambayo hakuwahi kumwambia mwanawe yeyote, na mimi nafunga madirisha. Kila mlo, kabla ya kijiko cha kwanza, humuuliza kama amempata.

"Bado, Mama," wifi hujibu, akipuliza supu. "Namtafuta."

"Hutamkosa," mama humhakikishia. "Ana pua ya baba yake. Lakini yeye ni mpole."