Modesta wa Igogo, Aliyemsimamia Luhende

Mwaka 1951, msimu wa kuchuma pamba, alizaliwa Modesta, binti wa wakulima Wasukuma kando ya Ziwa Viktoria. Alipofiwa na mume alihamia mtaa wa Igogo mjini, akaishi kwa kukaanga mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kuondolewa. Moshi wa miaka mingi ukayafanya macho yake kuwa mekundu. Jioni aliwafundisha dini waliojiandaa kubatizwa, akirudia somo moja kuliko mengine yote: wokovu ni zawadi ya Mungu, hakuna anayeustahili.

Mwaka 1998 jirani yake, Luhende, alifiwa na mtoto. Mganga akamwambia aliyemloga ni mwanamke mwenye macho mekundu. Luhende akamvamia Modesta kwa panga. Alinusurika, lakini mkono wa kulia ulikatika. Luhende akafungwa. Modesta alikiri baadaye kwamba kwa miaka minne alishindwa kulitaja jina lake katika sala. Mwaka wa tano akaanza, huku akiuma meno.

Mwaka 2013 Luhende aliachiwa, akaomba ubatizo. Katika jumuiya ya waumini ya mtaa hakuna aliyekubali kuwa msimamizi wake, na bila msimamizi asingebatizwa. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee Yeremia, alisema arudi akabatizwe huko gerezani alikozoea. Watu wakacheka. Modesta akasimama, akasema atamsimamia yeye.

“Dada Modesta,” Yeremia akamwambia, “msimamizi huweka mkono wa kulia begani. Wewe utaweka upi?”

“Wa kushoto. Yesu alimfia Luhende hata nilipokuwa namchukia. Mimi ni nani nimfungie mlango?”

Akamfundisha mwaka mzima. Siku ya ubatizo aliweka mkono wake wa kushoto begani mwa Luhende, na wapo waliotoka nje ya kanisa.

Modesta alifariki mwaka 2019. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, wala si kazi yetu kulitangulia. Wako wanaosimulia juu ya watoto waliopona baada ya sala kaburini kwake. Lakini ajabu inayojulikana Igogo nzima ni ya mwaka 2021, watu wenye mapanga walipoizingira nyumba ya bibi mmoja mwenye macho mekundu. Luhende alisimama mlangoni peke yake.

“Niliwahi kuamini mnachoamini,” aliwaambia. “Nikamkata mtakatifu.”

Wakatawanyika, mmoja mmoja.

Ndugu mwamini, tumwige Modesta katika lililo gumu: tumtafute yule ambaye tusingependa kumkuta mbinguni, tumkaribishe leo.