Fomu Iliyogongwa Muhuri

Mwaka 2014 nilikuwa nesi wa zahanati moja upande wa Titye, mtu wa kuja, mkali kwa wagonjwa na mwoga mbele ya madaktari. Wiki moja kabla ya asubuhi ninayoisimulia, daktari wa hospitali alinigombeza mbele za watu kwa kumpelekea majeruhi asiye na PF3, ile fomu ya polisi anayotakiwa kuwa nayo kila majeruhi. Niliapa haitatokea tena.

Asubuhi hiyo lori lilimgonga mkulima aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Tulimpakia kwenye gari la wagonjwa, kaka yake naye akapanda. Paja lilikuwa limevunjika. Nililifunga kwa kitenge changu, damu ikapita. Alikuwa bado anaongea. Aliomba maji kwa Kiha, nikamnyima.

Tulipoingia Kasulu mjini dereva akauliza, "Sista, moja kwa moja hospitali?"

"Pitia polisi kwanza."

Askari wa zamu hakuwa mtu mbaya. Alitafuta kalamu, akamwita kaka mtu ndani aeleze jina, kijiji, na lori lilikotokea. Huku garini mkulima akanyamaza. Nikamshika shingoni, hakuna mapigo.

Nilipiga magoti kwenye bati la sakafu ya gari nikaanza kumkandamiza kifua. Nilimpigia dereva kelele aondoe gari, naye akasema hawezi kumwacha ndugu wa mgonjwa, akabaki kupiga honi. Nilijua ninachofanya: nilikuwa nausukuma moyo ulioishiwa damu. Niliendelea kwa hasira tu, za kujichukia, mpaka ubavu ukalia chini ya viganja vyangu.

Kaka alirudi mbio na fomu iliyogongwa muhuri mkononi. "Sista, unamvunja!"

"Nyamaza!"

Kutoka pale hospitali ilikuwa dakika tano. Daktari, yule yule, alitupokea mlangoni, akakandamiza na yeye, akammulika macho, kisha akatazama saa. Habari za fomu hakuuliza kabisa.

Kaka alinifuata koridoni, ameishika ile fomu kwa mikono miwili isikunjike.

"Sista, hii nimpe nani?"

Ningeweza kumwambia ni nani aliyetusimamisha pale polisi, na kwa woga gani. Nilimwambia, "Ipeleke mochwari, wataihitaji."

Akanishukuru.