Fimbo Mbili za Gofu ku Muhumba

Wajukuu wangu wanachekaka wakiona gofu mu televizyo. "Koko, angalia, watu wakubwa wanasukuma kampira kadogo na fimbo!" Niko na wajukuu wenye akili, mukubwa anasoma université na français inamutoka bila kukwama. Lakini kati yao hakuna mwenye alishika fimbo ile. Mimi niliishika, mbele ya musoda mwenye bastola, na babu yao alikuwa pale anangoja kujua kama atarudi nyumbani.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya inchi yetu, mji uko mu mikono ya waasi. Bwana yangu, mbele anioe, alikuwa anabebea wazungu mufuko wa fimbo za gofu. Wazungu walikwenda zamani, uwanja wao ukalimwa maharagi, lakini mutu fulani alimutaja kwa waasi. Asubuhi moja wasoda wawili wakafika kwetu Cimpunda. "Papa, afande anakuita ku Muhumba." Muhumba ni kule chini ku ziwa, ku nyumba kubwa zenye waasi walikamata. Wasoda hawakusema juu ya nini. Akavaa koti yake ya misa, akawafuata. Siku zile mutu akiitwa hivyo, majirani wanafunga mulango.

Mimi kukaa siwezi. Nikafagia kiwanja, nikakifagia tena mpaka udongo ukanichoka. Kisha nikafunga sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo, mu kitambaa, maana kwetu mutu akiwekwa ndani na bibi yake hapeleke chakula, hakuna mwenye atamulisha. Nikashuka mbiombio, nikiongea peke yangu sawa mulevi.

Ku mulango mukubwa mulinzi akanizuia. "Maman, unaenda wapi na sahani?"

"Kwa bwana yangu."

"Bwana yako hakufungwa. Anacheza."

Nikajua ananichezea. Akanusa kitambaa. "Pita. Lakini sombe inabakia hapa."

Nyuma ya nyumba ile kubwa, majani yalikuwa marefu mpaka ku ziwa. Mahali pamoja tu walikata na panga, pakawa sawa kichwa ya mutoto mwenye aliogopa makasi. Katikati walifukia mukebe, ndiyo shimo. Afande alikuwa ameketi ku kiti, kijana munene, na karibu yake mufuko wa gofu wenye mwenye nyumba aliacha akikimbia. Bwana yangu alisimama na fimbo mbili za kusukumia mupira mu shimo, moja kila mukono, macho chini.

"Muzee, nakuuliza. Gani iko muzuri?"

Bwana yangu akanyamaza. Akanyoosha moja mbele, ile ya mukono wa kushoto. Afande hakuipokea.

"Unanizarau? Mudomo hauna?"

Ule unyamavu niliujua, nilikuwa nimelala nao miaka. Wabeba fimbo walifundishwa hivi: patron akiwa karibu na shimo, husemi, hukohoi, kivuli chako hakikate njia ya mupira. Unanyoosha fimbo, yeye anapokea ao anakataa. Bwana yangu akikanyaga tu majani ya namna ile, mudomo unajifunga wenyewe. Lakini afande angejua wapi? Mukono wake ulishafika ku mukaba, kwenye bastola.

"Afande, tafazali!" Nikasikia sauti yangu inapanda. "Hakuzarau! Walimufundisha kunyamaza!"

"Na wewe nani?"

"Bibi yake. Mimi hawakunifundisha."

Wasoda wakacheka. Afande akacheka kidogo, bila kuonyesha meno. "Basi sema wewe. Ukinidanganya, mutalala hapa wote wawili."

Nyumbani tulikuwaka na fimbo ya namna ile, mpaka wanyanganyi wakaibeba vita ya kwanza. Tulikuwa tunachezea kiwanjani, mimi na yeye, watoto wakituzomea. Nikashika kwanza ile ya mukono wa kuume, ya kungaa.

"Kwa macho, afande, hii inashinda. Iko sawa kijiko ya ndoa." Nikaiweka chini. Ikageuza uso kando, nikairudisha, ikageuka tena. Na kichwa yake ilikuwa nyepesi, kazi yote inabaki ya mikono. Nikapiga. Ngii! Sawa sahani inaanguka. Mupira ukaruka-ruka, ukapita shimo, ukagonga buti ya musoda.

Ile ingine ilikuwa mubaya. Rangi ya sufuria ya zamani, kovu ku kichwa, mushikio mweusi na jasho ya watu. Lakini kuiweka chini, ikaangalia kwenye nilikuwa naangalia. Uzito ulikuwa chini, sawa mwiko wa bugali: unainua kidogo, inarudi yenyewe. Nikapiga. Tu! Basi. Mupira ukateleza bila kuruka, ukapanda, ukashuka, ukasimama ku mudomo ya shimo.

Haukuingia.

"Ni majani," bwana yangu akasema polepole. "Majani ndiyo ilikataza mupira kuingia."

Afande akamuangalia, kisha mimi. "Kumbe mubaya ndiyo muzuri."

"Ndiyo, afande. Ile ya kungaa itakuletea haya."

Akafikiri. Miguu yangu haikutulia, nilikuwa nakanyaga pale pale sawa mutu mwenye anatafuta choo.

"Mukubwa yangu anashuka na ndege Kavumu siku ya posho, Jumamosi hii," akasema. "Anapendaka muchezo huu. Nikimushinda, kesho yake ananituma ku front ya vita." Akachukua ile ya kungaa, akaipanguza ku suruali. "Hii yangu. Ile mubaya," akaambia wasoda wake, "mutamupa mukubwa. Ashinde, afurahi."

"Na muzee, afande?"

"Abakie afanye nini? Hasemake. Muende."

Tukatoka. Nilitaka kukimbia, bwana yangu akanikamata mukono: mwenye anakimbia ndiye wanapiga risasi. Tukapita kona, mulango ule ukapotea nyuma, ndipo akafungua mudomo.

"Uliifinya sana."

"Nini?"

"Fimbo. Ndiyo maana mupira haukuingia. Majani nilisema tu."

"Wee! Nilikuwa naokoa kichwa yako!"

"Niliona. Lakini haifinywake."

Nikamwambia atembee mbele yangu, nimuone. Akatembea mbele, akasema juu ya fimbo ile mubaya mulima wote mpaka Cimpunda, namna inakaa, namna inarudi, na mimi sikumukatiza.