Mkwe Wangu wa Soketi Nyekundu

Mimi nilitaka daktari. Siwafichi; kwa umri huu na kifua hiki sina nguvu ya kuficha kitu. Binti yangu alipokuja kuniambia amepata mchumba, na mchumba mwenyewe anafanya kazi hospitali kuu, sikungoja amalize sentensi. Nilijitupia kanga nikatoka, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mama wa nyumba ya kona anapata mkwe daktari. Jumapili yake bwana akaja. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, na mfukoni mwa shati, pale ambapo daktari huchomeka kalamu, bisibisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo ya nini?"

"Nimepitia kazini kwanza, mama. Breka ya wodi ya wazazi ilikuwa inasumbua."

Fundi umeme! Nilimtazama binti yangu, binti yangu akatazama dari. Miaka ishirini na miwili imepita, na majirani zangu, wabaya wale, hadi leo wananiuliza, "Mama, daktari wetu hajambo?" huku wanabana vicheko kwenye mitandio. Nilimbatiza Waya, kwa wembamba wake na kwa hasira zangu, na jina likashika hadi watoto wake wakalizoea.

Acheni niwaeleze Waya ni mtu wa namna gani, maana nimemsema sana, na nusu ya niliyomsema ni kweli. Ukimkaribisha chai, kwanza anatazama taa ya jikoni. Akiingia nyumba ya watu, badala ya kuuliza habari za wagonjwa anauliza, "Hii soketi huwa inapata moto mkichomeka pasi?" Kwenye arusi ya shemeji yake wenzake wanacheza, yeye kainama nyuma ya spika anafuata nyaya kwa kidole. Nikamwambia binti yangu, "Mumeo akifa tutamzika na bisibisi yake ya testa mkononi." Alininunia siku mbili.

Kazi yake anaijua, hilo sikuwahi kulikana. Pale hospitali kuna soketi za aina mbili, nyeupe na nyekundu. Nyeupe ni za kila mtu: umeme ukikatika, nazo zinalala. Nyekundu zinabebwa na jenereta, na ndizo za mashine za wagonjwa, chumba cha upasuaji, vitanda vya watoto njiti. Waya ndiye mlezi wa hilo jenereta. Kila Jumatatu saa nne asubuhi analiwasha, analisikiliza, ananusa moshi wake, anaandika kwenye daftari. Binti yangu anasema hata yeye hajawahi kunuswa kwa makini namna ile.

Sasa, binadamu ukimwambia soketi fulani haizimi kamwe, unadhani atafanya nini? Mhasibu akahamishia huko friji lake la soda. Katibu muhtasari akachomeka birika. Na Mkurugenzi, ambaye ni daktari, tena daktari hasa mwenye vyeti ukuta mzima, akaagiza viyoyozi vya ofisi yake na vya ukumbi wa mikutano viunganishwe kwenye laini nyekundu, kwa sababu jasho, alisema, linashusha hadhi ya taasisi. Waya akaandika barua kwamba jenereta halitabeba vyote. Akajibiwa kuwa suala lake linafanyiwa kazi. Akaandika ya pili. Linafanyiwa kazi. Akafika barua ya tisa, na katika zote anaomba jambo moja tu: siku moja, mchana kweupe, umeme mkubwa uzimwe kwa makusudi, kila kitu kikiwa kimewashwa na mafundi wamejipanga, waone kama jenereta litahimili. Maana zile Jumatatu alikuwa analiwasha tupu, halibebi hata balbu. Walimkataza kulitwisha mzigo ili wakubwa wasikatiziwe kompyuta zao.

Mkurugenzi akamwita. "Umeme haujakatika, sisi tujikatie wenyewe? Fundi, una akili timamu?"

Waya alipotusimulia nyumbani, nilicheka nikasema Mkurugenzi ana haki. Nilisema hivyo, na mdomo ulikuwa huu huu.

Kisha kifua changu kikanisaliti. Nililazwa wodi ya wanawake, kitanda cha nne, nikawekewa mashine ya oksijeni. Ni kitu cha ukubwa wa ndoo, kinanguruma usiku na mchana, kina taa ya kijani, na mpira wake unaingia puani. Bila hiyo mashine napumua kama niliyepanda ngazi na gunia la mkaa. Mashine iko kwenye soketi nyekundu, na pembeni yake palikuwa na soketi nyekundu nyingine, haina kazi. Nikamtuma binti yangu aniletee birika langu la umeme. Chai ya wodini huja inapotaka yenyewe.

Maji hayajachemka, Waya akaingia. Hakunisalimia hata. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akachomoa.

"Mama, hii hapana."

"Ebo! Mkurugenzi apigwe baridi mchana kutwa, mimi nikose chai?"

"Mkurugenzi simuwezi, mama. Wewe nakuweza."

Nilipandwa na hasira, nikawatangazia wodi nzima kwamba nina mkwe asiyejua kutofautisha mama yake na friji la soda. Wagonjwa walicheka hadi mmoja akashikwa na kikohozi. Waya akazungusha waya wa birika vizuri, akalitia kwapani, akaondoka nalo.

Haikupita wiki, ikaja siku ya uzinduzi wa ukumbi uliokarabatiwa. Mgeni rasmi, maua, vipaza sauti, viyoyozi vyote vimefunguliwa hadi mwisho. Saa tano asubuhi feni ya juu yangu ikapunguza mwendo, ikasimama. Mashine yangu ikapiga kelele, taa ya kijani ikazimika. Nikasikia jenereta linaunguruma kule nyuma, taa zikawaka, nikasema alhamdulillahi, na halijamaliza kunguruma likakohoa likafa. Likawashwa tena. Likafa tena.

Wodi ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni. Nesi aliuburuta mbio, akasimama kati ya kitanda changu na kitanda cha pili, alikolala binti mmoja aliyejifungua juzi, midomo imeshageuka rangi. Akanitazama. Akaupeleka kitanda cha pili. Alifanya sawa, na mimi nilimchukia kwa roho yangu yote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, jamani. Niliogopa nikajikojolea. Nilifungua mdomo, huu unaojulikana mitaa mitatu, na hakuna kilichoingia wala kutoka. Nikamwona binti yangu akiwa mdogo, anashindwa kufunga vifungo vya sare ya shule. Halafu jenereta likawaka mara ya tatu, likanguruma, likaendelea. Taa ya kijani ikarudi.

Nesi ndiye aliyenieleza baadaye. Waya alikuwa chumba cha jenereta, akaona mshale wa mzigo unalala upande wa hatari. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alifungua kabati la breka, akashusha ya ofisi za utawala, akashusha ya ukumbi, akawasha. Kule ukumbini mgeni rasmi alikuwa amefika kwenye maneno "hospitali hii ya kisasa," na kipaza sauti kilichokuwa kinawaka na kuzimika kikamfia mkononi moja kwa moja. Nilicheka hadi mpira ukanitoka puani.

Kumbe kicheko kilikuwa cha kwangu peke yangu. Kesho yake Waya alipewa barua ajieleze kwa nini alikata umeme mbele ya mgeni rasmi. Mkurugenzi alishatoa taarifa yake: jenereta lilipokea mzigo vizuri, hakuna mgonjwa aliyekosa huduma hata sekunde, fundi alifanya kwa kisasi, na ushahidi wa kisasi ni zile barua tisa. Kamati ingekaa Jumatatu. Waya na mke wake wakakubaliana wasiniambie, nisije nikapata mshtuko. Wakaja kunitazama, wakanipa pole, wakanyamaza.

Ijumaa Mkurugenzi akaja kitandani kwangu. Mwenyewe! Koti jeupe, katibu muhtasari nyuma na jalada, kundi la madaktari vijana pembeni.

"Shikamoo, mama yetu." Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono, akanipima mapigo yeye mwenyewe. Wodi nzima kimya inaangalia. Miaka ishirini na miwili nimengoja daktari aniite mama mbele ya watu, na huyu hapa kaniita, tena mkubwa wao.

"Huduma inaendeleaje, mama?"

Mnisikilize vizuri. Sisi tumelelewa kwamba mtu akikuuliza hujambo, unajibu sijambo, hata kama roho iko kooni. Kwanza unasema sijambo, maumivu yanafuata baadaye, tena ukibembelezwa. Nikasema, "Nzuri, mwanangu. Tunashukuru."

"Mashine inafanya kazi muda wote?"

"Muda wote, mwanangu. Mungu akubariki."

"Ndiyo maana tunawapenda wazee wetu," akasema, akawageukia vijana wake. "Mama huyu ana hekima."

Katibu akaniwekea karatasi. Maoni ya wagonjwa, alisema. Miwani yangu iko nyumbani kwenye kabati. Ningeweza kumwita nesi anisomee, lakini nani anasomewa mbele ya Mkurugenzi baada ya kuambiwa ana hekima? Nikatia sahihi, tena yenye mkia mrefu. Walipoondoka nikawaambia majirani zangu wa vitanda, "Mmeona? Hivyo ndivyo daktari anavyoongea na mtu mzima." Nilivikwa kilemba cha ukoka, nami nikainamisha kichwa kinikae vizuri.

Binti yangu alishindwa kuvumilia siku ya nane baada ya kamati. Alisimama miguuni pa kitanda, hakukaa.

"Mama, uliandika nini?"

"Wapi?"

"Karatasi yako ilisomwa. Mgonjwa wa kitanda cha nne, ambaye ni mama mkwe wa mtuhumiwa, amethibitisha kuwa mashine yake haikuzima hata mara moja. Sahihi yako. Na mkia wako."

Nilijivutia shuka hadi kidevuni.

"Wakamuuliza kama ana la kusema juu ya ushahidi huo. Unajua alijibu nini? Alisema, 'Mama akishasema, mimi siwezi kumwita mwongo mbele za watu.' Basi. Wamemnyang'anya ufunguo wa chumba cha jenereta, wamempa dereva wa Mkurugenzi. Mume wangu sasa anabadilisha balbu za uzio."

Alilia palepale, mwanamke mzima, na mimi nikalia kwa kadiri mashine ilivyoniruhusu. Nilimwita nesi aniitie katibu muhtasari. Katibu akaja, akanisikiliza kwa adabu huku anatazama saa. Nikamwambia mashine ilizima, niliona mauti kwa macho yangu, nilikuwa sina miwani, naomba karatasi yangu.

"Mama, jalada limeshafungwa."

"Si mlifungue!"

"Pumzika, mama. Usijisumbue."

Nilimtukana. Nilimtukana yeye, na ukumbi wake, na birika lake la soketi nyekundu, hadi nesi akaja kunilaza. Yule katibu alitabasamu tu, maana bibi kizee anayetukana wodini si habari.

Siku ileile, saa ya kutazama wagonjwa, Waya mwenyewe akaja. Kavaa ovaroli yenye vumbi la uzio, mikono kaiosha hadi kwenye viwiko. Akavuta kiti.

"Mwanangu," nikasema, neno ambalo sikuwahi kumpa. "Nimekuangamiza."

"Hapana, mama."

"Usiniambie hapana. Nimekuuza kwa kushikwa mkono."

Macho yake yalikuwa nyuma ya kitanda changu, ukutani, kwenye ile soketi.

"Vile viyoyozi?" nikamuuliza.

"Vimerudishwa."

"Laini ileile?"

"Ileile. Wameongeza na kingine."

"Na jana ilikuwa Jumatatu. Jenereta limewashwa?"

"Dereva alikuwa na safari."

Mashine yangu ilikuwa inanguruma kati yetu. Kitanda cha pili yule binti wa mtungi alikuwa anamnyonyesha mwanawe, mpira bado uko puani.

"Sasa, umeme ukikatika tena itakuwaje?"

Aliinuka, akaniwekea mpira sawa nyuma ya sikio, taratibu, kama anavyofanyia nyaya zake. Nilidhani hajasikia, nikamuuliza tena.

"Sijui, mama," akasema.

Miaka ishirini na miwili, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia Waya akisema hajui jambo la umeme.