Kofia 212 na mrushaji aliyeondoka bila kuaga

PRUETT, Iowa. Saa kumi na moja alfajiri Verlene Haugstad anafungua chumba cha kufulia cha nyumba ya kutunzia wazee, anavaa aproni na kupakia mashuka katika mashine ya kwanza. Hadi saa saba mchana atakuwa amefua, amekausha na kukunja nguo za wazee sitini na wanane.

Ukutani amebandika ratiba ya mechi za timu ya mji huu, Korongo wa Pruett. Ni ratiba ya mwaka 2003. Timu haikuimaliza.

"Huyu ukimpa kofia kuukuu ya timu iliyokufa, anakupikia chakula cha jioni," anatania mwenzake, Twyla Brandvold, akisukuma toroli la taulo. "Ukimpa pete ya dhahabu, atakuuliza ni ya timu gani."

"Na wewe hujawahi kuniletea hata kofia," Verlene anamjibu bila kugeuka.

Verlene, 63, anakusanya masalia ya timu ndogo za besiboli, zile zisizo na klabu kubwa ya kuzilea. Huanzishwa, hucheza misimu michache, hufa. Nyumbani ana kofia 212, jezi, tikiti, na vijitabu vya mechi vilivyojaza chumba kizima. Mshahara wake ni dola kumi na saba kwa saa, hivyo vingi amevinunua katika magulio ya Jumamosi, kimoja kimoja.

Chumba hicho kilikuwa cha Rogelio Peguero.

Kiangazi cha 2003, kama familia nyingi za hapa, Verlene na mumewe Orrin, fundi wa matrekta, walipokea mchezaji wa kuishi naye. Rogelio alikuwa mrushaji wa mpira wa miaka ishirini na mmoja kutoka Jamhuri ya Dominika. Wao hawakujaliwa mtoto.

"Siku ya kwanza tu aliniita mama," anakumbuka. "Nikadhani Kiingereza chake kimeishia hapo. Anakula mahindi sita kwa mkao mmoja, kisha anaosha sufuria bila kuambiwa."

Mwezi Agosti timu iliishiwa fedha. Wachezaji walitangaziwa asubuhi, mchana basi likawachukua. Verlene alikuwa kazini. Aliporudi, alikuta kitanda kimetandikwa.

Masika yaliyofuata aliona jina la Rogelio katika kijitabu cha timu moja ya Kansas. Akaagiza nakala, kisha kofia. Kijana akahamia timu nyingine. Verlene akatafuta vya timu hiyo. Barua alizoandika zilichelewa kila mara, mwenyewe keshahama. Mwaka 2011 jina likatoweka.

"Nikaendelea kununua vya timu yoyote. Nilikuwa nafungua kurasa za majina kwanza."

Orrin ndiye aliyemwendesha kwenye magulio hayo yote, kwa miaka kumi na saba, hadi alipofariki kwa maradhi ya moyo miaka minne iliyopita.

Februari mwaka huu, katika gulio kwenye ukumbi wa zimamoto, Verlene alifunua kijitabu cha timu ya Manitoba, ng'ambo ya mpaka wa Kanada. Kwenye ukurasa wa makocha palikuwa na picha. "Amenenepa, lakini masikio ni yale yale."

Alipiga simu klabuni akaacha namba. Siku ya pili Rogelio akapiga.

"Wewe mtoto, uliondoka bila kuaga," Verlene alimwambia.

"Niliona aibu, mama. Nimekula kwenu kiangazi kizima, naondoka mikono mitupu. Lakini Krismasi ile nilipiga simu. Mzee hakukwambia?"

Orrin ndiye aliyepokea. Kwa maelezo ya Rogelio, alimjibu kwa upole: "Ndiyo kwanza ameacha kulia. Ukija ukaondoka tena, sitajua la kumfanya. Tafadhali usipige."

Verlene alikaa chini palepale jikoni. Kwa Jumapili tatu hakwenda makaburini kwa Orrin, mahali ambapo hakuwahi kukosa.

"Miaka yote hiyo ananiendesha kumtafuta mtu, na aliwahi kuongea naye," anasema, akikunja foronya ileile mara ya pili.

Twyla alijaribu kumtetea marehemu. "Alikuogopea, shoga."

"Angeniogopea kwa kunieleza."

Jumapili ya nne alikwenda. "Nilimgombeza mpaka mvua ikaanza. Nikafunga koti, nikaendelea. Sina mwingine wa kumgombeza."

Rogelio sasa ana mke na mabinti mapacha wa miaka minane. Msimu wa timu yake unafunguliwa mwishoni mwa Mei, na Verlene amekwisha kupeleka gari kwa fundi kwa ajili ya safari ya mwendo wa saa tisa. Hatachukua kofia hata moja. Anasema anataka kukaa jukwaani tu, amtazame akitembea.

Anakiri kwamba anaogopa. "Kutafuta nimekuzoea. Sijui nitakaaje na mtu niliyekwisha kumpata."

Alikuwa ameomba likizo ya siku tatu. Jumatatu iliyopita alirudi kwa msimamizi wake, akaomba ziwe kumi.