Mlima wa Kwenda Kumzika Bibi

Ilianza Jumatano, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nyumbani kwetu Milanzi, pembezoni mwa mji. Nilikuwa nimevaa suruali, mama akaniambia nivue.

"Mtoto wa kike haendi kuzika na suruali."

Sikubisha. Nikavaa gauni na kitenge juu yake, huku nikijua mapaja yangu yatachubuka kabla hatujafika mbali. Mambo ya mapaja ningeyasemaje mbele ya kaka?

Bibi, mama yake baba, alikuwa amefariki siku moja kabla. Kijiji chake kiko ng'ambo ya milima ya Mbizi, na mvua zilikuwa zimekata barabara, kwa hiyo ilikuwa ni kupanda kwa miguu. Baba alikuwa huko tangu bibi augue. Maziko yalipangwa saa tisa. Katika ukoo wetu, ukipewa jina la mtu, siku akizikwa mkono wako ndio unaotangulia kutupa udongo, hata kabla ya watoto wake. Jina la bibi nilipewa mimi.

Tuliondoka wanne: mama, shangazi, kaka na mimi. Mashamba ya ulezi yalipoisha, njia ikasimama kama ukuta. Moyo wangu ukawa unapiga hadi masikioni.

"Kibonge," kaka akapaza sauti kutoka juu, "huo mlima unaupanda au unausukuma?"

Shangazi akacheka, kisha akajirudi. "Mwache mwenzio. Pole mwanangu, jikaze."

Walikuwa wananisubiri, siwezi kuwasingizia. Ila kila nilipowafikia walikuwa wameshapumzika, wanainuka, wanajipangusa majani, twende. Mimi sikupumzika hata mara moja. Nikasema nakwenda haja. Nyuma ya kichaka nikainua gauni, nikaona damu mapajani. Nikajifunga kitenge kwenye paja lililoumia zaidi na kurudi njiani kama hakuna kitu.

Kufika saa saba, wingu lilikuwa limekaa juu yetu. Shangazi akatazama simu. Mtandao haukuwepo.

"Kwa mwendo huu tutakuta wameshafukia."

Hakunitaja. Wote wakanitazama. Mama akasema atabaki na mimi, na nikaona usoni mwake jinsi neno hilo lilivyomgharimu. Nikasema, "Nendeni tu mama, njia naijua. Nakuja."

Nilitaka kuongeza: mwambieni baba anisubiri. Lakini watu wote wale wangesubirishwaje kwa ajili yangu? Nikaliacha. Mama akaniachia chupa ya maji. Kaka akachukua mfuko wangu bila utani wowote, na hilo liliniuma kuliko utani.

Mvua ilinikuta kwenye mteremko. Sehemu nyingine nikashuka kwa makalio. Chini kidogo nikakutana na mzee amebeba jembe begani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unakwenda msibani? Tumeshazika, mjukuu wangu."

Nikamwambia asante. Sijui nilimshukuru kwa nini.

Nilipofika, baba hakunigombeza. Tulikaa karibu na moto, akaongea akiutazama.

"Walikuita kaburini. Nikawaomba wangoje kidogo. Mvua ikaanza, kingo za kaburi zikawa zinaporomokea ndani. Nikatupa mimi."

"Hukuambiwa nipo njiani?"

"Niliambiwa unakuja, basi."

Jikoni mama mmoja akamuuliza mwenzake, "Ndiye huyu wajina wa marehemu?"

"Ndiye. Kwa mwili ule, angefikaje?"

Kisha huyohuyo akaniletea sahani ya ugali na maharage, imejaa kuliko za wengine wote. Nililia, lakini nilikula yote. Njaa ilikuwa inaniuma kweli.

Usiku ilisemwa kwamba sisi wa mjini tutaondoka kesho yake baada ya chai. Niliamka kabla ya wote. Nikavaa suruali ya kaka, iliyonibana na zipu ikagoma kufunga, nikateremsha gauni juu yake. Nikapita kaburini. Udongo ulikuwa umelowa na kushikana, hautupiki tena. Nikachota tope la pembeni, nikalibandika upande wa kichwani na kulikandamiza kwa kiganja.

Halafu nikaanza kupanda peke yangu, ili safari hii wao ndio wanikute. Nilipogeuka kuvuta pumzi mara ya kwanza, moto wa chai ulikuwa bado haujawashwa.